Macho matupu, darubini au teleskopu: uanze na kipi kutazama anga uani kwako?

Kila picha mpya ya teleskopu ya James Webb inapozunguka kwenye simu, hakosi mtu wa kuniuliza: "Kaka, nami nataka kuona kwa macho yangu. Ninunue nini?" Swali hilo lina majibu manne, na kwa kila jibu nimeona watu waliofurahi. Nimeona pia teleskopu zilizonunuliwa kwa akiba ya miezi mingi zikiishia juu ya kabati, zimefunikwa kanga. Mara nyingi aliyefurahi alianza kwa kupima ua wake, anga lake na subira yake. Aliyejuta alianza na picha iliyochapwa kwenye boksi.

Boksi hilo nalijua. Teleskopu yangu ya kwanza niliinunua katika duka moja la mjini kwa sababu ubavuni iliandikwa kwamba inakuza mara 525. Nilipoielekeza kwenye Mwezi, stendi yake nyembamba ilitetemeka kila nilipoigusa, na Mwezi ukacheza kama taswira ndani ya ndoo ya maji. Nilikaa mwaka mzima nikiamini kwamba mambo haya si ya watu kama sisi. Kilichonirudisha nje ni darubini ya kuazima, ya mjomba aliyekuwa baharia.

Neno moja kabla hatujaanza. Kiswahili huviita vifaa hivi vyote darubini. Hapa, ili tusichanganyane, "darubini" ni ile ya macho mawili inayoshikwa mkononi, na "teleskopu" ni ile ya bomba moja inayokaa kwenye stendi.

## Vigezo

Vyombo vyote nitavipima kwa mambo matano. La kwanza ni kile utakachokiona, pamoja na kile usichopaswa kukitarajia. La pili ni jinsi chombo kinavyoelewana na anga letu la ikweta. La tatu ni kero: uzito, kufunga na kufungua, matunzo. La nne ni gharama. La tano, ambalo wauzaji hawaligusi, ni habari. Ukisikia redioni kwamba chombo fulani kimetua mwezini, au kwamba sayari fulani imeonekana kuwa na miezi mingine mipya, je, unaweza kutoka nje usiku huo ukakiona kinachozungumzwa? Kwangu mimi utamu wote uko hapo. Mtu anayeweza kunyoosha kidole na kusema "ni pale" huisikiliza taarifa ya habari kwa sikio jingine.

Kigezo cha pili kinahitaji maelezo, maana vitabu na video nyingi zimetengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani kwa ajili ya anga lao. Wao huanza na Nyota ya Kaskazini. Dar es Salaam, nyuzi 7 kusini mwa ikweta, nyota hiyo haichomozi kabisa, na Nairobi inalala kwenye upeo wa macho ndani ya vumbi na taa. Michoro yao huonyesha kundinyota la Jabari (Orion) likiwa kama mtu amesimama wima. Kwetu huchomoza amelala ubavu, nyota tatu za mkanda wake zikipanda moja juu ya nyingine kama vidato vya ngazi, kisha hupita karibu na utosi. Mwezi wao mchanga husimama. Wa kwetu hulala chali kama mashua. Lakini tumefidiwa vizuri: ndani ya mwaka mmoja karibu nyota zote za kaskazini na za kusini hupita juu yetu. Suheli, nyota ya pili kwa mng'ao katika anga la usiku, haionekani kamwe kutoka London. Huku unaikuta jioni za Januari hadi Aprili, iking'aa upande wa kusini, upande ambao mabaharia wetu waliuita kwa jina lake.

Kisha kuna mvua. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hufunga anga kwa majuma. Sehemu kubwa ya bara Tanzania miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, wakati kundinyota la Nge liko juu kabisa na Njia ya Maziwa imekatiza anga kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nairobi na nyanda za juu za Kenya ni kinyume: Julai na Agosti ni mawingu matupu, na afadhali usubiri Januari na Februari. Na umeme ukikatika mtaa mzima, toka nje kabla hujatafuta mshumaa. Dakika hizo ni za thamani.

## Macho matupu na simu

Utakachokiona. Ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Sayari tano zinaonekana bila chombo chochote: Zebaki, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Utaona vimondo, hasa usiku wa tarehe 13 Desemba kuamkia 14, vinapomiminika kutoka upande wa kundinyota la Mapacha. Utaona Kituo cha Kimataifa cha Anga kikipita baada ya magharibi au kabla ya alfajiri, nuru moja isiyomemeta wala kutoa sauti, inayovuka anga kwa dakika chache. Kiko kilomita 400 hivi juu yetu na huizunguka Dunia kila baada ya dakika 90 hivi, na ndani yake wamo watu. Utakachokosa ni pete za Zohali na miezi ya Mshtarii.

Bibi yangu hakuwahi kushika darubini, lakini alijua msemo wa wakulima na wavuvi wa pwani: "Kilimia kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua, kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua." Kile kishada kidogo cha nyota hupotea magharibi wakati wa masika, kisha hurudi mashariki kabla ya alfajiri mwezi wa Juni, mvua zikiwa zimekwisha. Hiyo ni elimu ya falaki kamili, iliyopimwa kwa macho tu vizazi kwa vizazi.

Anga letu. Hapa simu ndiyo mkombozi. Programu kama Stellarium hutumia mahali ulipo, kwa hiyo Jabari atakuonekania amelala kama alivyo kweli. Jambo moja tu: macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe wa simu huharibu kazi hiyo kwa sekunde moja. Tumia rangi nyekundu ya usiku iliyomo kwenye programu.

Kero na gharama. Hakuna, zaidi ya bando na mbu.

Habari. Hapa ndipo macho matupu yanapowashinda wenye vyombo vikubwa, kwa sababu matukio makubwa kabisa ya miaka hii hayahitaji chombo. Jiwe la anga liitwalo Apophis, lenye upana wa mita mia tatu na kitu, litapita kilomita 32,000 hivi kutoka Dunia tarehe 13 Aprili 2029, karibu kuliko setilaiti za televisheni, na litaonekana kwa macho kutoka Afrika. Halitatugonga, hilo limeshapimwa. Kabla yake kuna kupatwa kwa Jua kwa tarehe 2 Agosti 2027. Kupatwa kamili kutapita Luxor, Jiddah, Makka, Yemen na ncha ya kaskazini ya Somalia. Sisi wa Kenya na Tanzania tutaona kipande tu.

Anayefaa. Kila anayeanza, na mtu wa mjini anayeishi ghorofani. Pia mtu ambaye bado hajui kama hamu yake ni ya wiki moja au ya maisha.

## Darubini ya macho mawili

Utakachokiona. Tafuta iliyoandikwa 10x50 au 7x50. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza. Ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita. Ya pili ndiyo yenye kazi. Mboni ya jicho gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi, kwa hiyo lenzi ya milimita 50 inakusanya nuru mara 50 zaidi ya jicho lako. Kilimia, ambacho kwa macho ni nyota sita au saba, kinageuka kuwa makumi. Kando ya Mshtarii zinajitokeza nukta nne zilizojipanga mstari, miezi ile ile aliyoiona Galileo Januari 1610. Ziangalie leo, kesho na keshokutwa: zinabadilisha nafasi, na unakuwa shahidi wa mwendo wao.

Utajiri wetu wa kusini nao unafunguka. Jioni za Mei na Juni, mawingu yakikuruhusu, tafuta kile wanachokiita Omega Centauri, juu ya upeo wa kusini. Kwa macho ni nyota yenye ukungu. Kwa darubini ni tufe la pamba. Ni mamilioni ya nyota yaliyosongamana, yapata miaka 17,000 ya nuru kutoka hapa, yaani nuru yake husafiri miaka hiyo yote kutufikia. Mtazamaji wa Ulaya ya kaskazini halioni kabisa. Mwezi wa Novemba, ukiwa mbali na taa, utaipata upande wa kaskazini galaksi ya Andromeda, na nuru inayoingia jichoni mwako itakuwa imesafiri miaka milioni mbili na nusu.

Pete za Zohali bado hutaziona. Sayari itaonekana kama yai dogo.

Anga letu. Kwa kuwa vitu vingi vinapita utosini, shingo itauma ukisimama. Tandika mkeka, lala chali, egemeza viwiko kifuani. Mikono inatulia, na unaweza kukaa saa nzima.

Kero. Ni adui mmoja tu, naye ni ukungu wa lenzi. Pwani, unyevu na chumvi huingia ndani ya kioo na kuota utandu usiotoka. Usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi uliofungwa. Iweke kwenye boksi la plastiki lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe.

Gharama. Mpya nzuri hufikia bei ya simu janja ya kawaida. Mtumba hupatikana kwa bei ya chini, ila ijaribu kabla ya kulipa: tazama mnara wa simu ulio mbali. Ukiona minara miwili, vioo vimepotoka, iache. Achana pia na zile zenye kukuza kunakobadilishwa kwa kitufe, na zile za 20x80 usizozimudu bila stendi.

Habari. Chombo cha Ulaya kiitwacho JUICE kiliruka tarehe 14 Aprili 2023 na kinatarajiwa kufika Mshtarii mwaka 2031. Cha NASA ya Marekani, Europa Clipper, kiliruka tarehe 14 Oktoba 2024 na kinatarajiwa huko mwaka 2030. Kinakoelekea Clipper ni Europa, mmoja wa zile nukta nne. JUICE kitamalizia safari yake kwa kuuzunguka mwingine, Ganymede. Sijui njia nafuu zaidi ya kuipa uhai habari ya chombo kilicho safarini kwa miaka.

Anayefaa. Msafiri, mvuvi, mwalimu, mtu wa kijijini mwenye anga jeusi. Na wazee wanaotafuta kuandama kwa mwezi mwanzo wa Ramadhani na Shawwal: darubini husaidia sana kuuona ule uzi mwembamba juu ya upeo. Lakini subiri hadi Jua lizame lote.

## Teleskopu ndogo ya lenzi, milimita 60 hadi 80

Utakachokiona. Zohali, na pete zake. Sitajaribu kueleza usiku ule; jirani yangu, mama wa makamo aliyekuwa amekuja kuazima kibatari, alitazama, akanyamaza, kisha akaniuliza kama nimebandika picha ndani ya bomba. Kila baada ya miaka 15 hivi pete hutugeuzia ukingo na kuwa kama uzi. Hilo lilitokea Machi 2025, na tangu hapo zinafunguka tena mwaka hadi mwaka. Utaona pia mashimo ya Mwezi na vivuli vya milima yake, Zuhura ikiwa kama mwezi mchanga mdogo, na mikanda miwili ya mawingu ya Mshtarii.

Tuivunje sasa ile "mara 525". Ukuzaji unapatikana kwa kugawa urefu wa mwanga wa bomba, yaani umbali kutoka lenzi kuu hadi mahali inapokusanya nuru, kwa urefu kama huo wa lenzi ya jichoni. Bomba la milimita 700 na lenzi ya milimita 25 hukupa mara 28. Lenzi ya milimita 10 hukupa mara 70. Kikomo cha manufaa ni takriban mara 2 kwa kila milimita ya upana wa lenzi kuu. Teleskopu ya milimita 70, basi, haivuki mara 140. Zaidi ya hapo unakuza ukungu. Boksi linalotangaza mara mia tano linakwambia kwamba aliyelichapa hakukuheshimu.

Mirihi itakuvunja moyo. Ni kidoa chekundu kwa muda mwingi, na hukaribia Dunia vya kutosha kila baada ya miezi 26 hivi tu.

Anga letu. Kuna mtego hapa ambao sijauona ukitajwa kwenye maduka yetu. Teleskopu nyingi huuzwa na stendi ya kiikweta, ile yenye uzito wa kusawazisha na mhimili ulioinama. Jina linatudanganya. Mhimili wake hutakiwa kuinamishwa kulingana na umbali wako kutoka ikweta na kuelekezwa ncha ya anga, pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka, na nyingi zimetengenezwa kwa nchi za mbali na ikweta. Hazishuki hadi nyuzi 1 ya Nairobi wala 7 ya Dar es Salaam. Hata ikishuka, ncha yenyewe iko karibu na ardhi, nyuma ya ukuta wa jirani. Chagua stendi rahisi inayokwenda juu, chini, kushoto na kulia.

Kero. Ni nyepesi, hutoka nje kwa dakika tano. Tatizo ni stendi. Ikitetemeka, ning'iniza mfuko wa mchanga katikati ya miguu yake, usiivute miguu hadi mwisho, kaa kwenye kigoda.

Gharama. Juu kidogo ya darubini nzuri. Yenye bei ya kitoto kwa kawaida ina lenzi za plastiki.

Habari. Mwezi ndio uwanja wake. Chandrayaan-3 ya India ilitua tarehe 23 Agosti 2023 katika nyanda za kusini ya mbali. Elekeza bomba ukingo wa kusini, utaona jinsi ardhi ile ilivyochanwachanwa na mashimo na utaelewa kwa nini kutua kule kulikuwa kazi. Chang'e 6 ya China ilileta udongo wa upande wa nyuma wa Mwezi Juni 2024, na hapo utajifunza jambo jingine, kwamba upande ule hakuna teleskopu ya Dunia inayouona. Bendera zilizoachwa mwezini na wanaanga wa Apollo pia haziwezekani kuonekana. Na kati ya miezi 274 ya Zohali iliyokuwa imetambuliwa kufikia Machi 2025, mwenye teleskopu hii anaweza kutoka kutazama mmoja, Titan, nukta tulivu kando ya pete.

Anayefaa. Familia yenye watoto, klabu ya shule, mtu wa mjini. Taa za mji haziufichi Mwezi wala sayari.

## Teleskopu ya kioo aina ya Dobson, milimita 150

Utakachokiona. Inakusanya nuru zaidi ya mara nne ya ile ya milimita 70. Omega Centauri haiwi tena pamba. Inapasuka kuwa vumbi la nyota moja moja. Chini ya mkanda wa Jabari, wingu la gesi lililo umbali wa miaka 1,300 ya nuru linatandaza mbawa, na katikati yake nyota nne changa. Usiku hewa ikitulia, unaona ufa mweusi uliogawa pete za Zohali. Rangi za picha za Webb hutaziona, kwa kuwa jicho gizani halina uwezo huo: wingu la Jabari ni la kijivu, labda na kijani kidogo. Anayekuahidi zambarau hajawahi kutazama.

Anga letu. Mtindo huu ulienezwa na John Dobson huko San Francisco tangu miaka ya 1960: bomba juu ya sanduku la mbao linalozunguka sakafuni. Halihitaji ncha ya anga, kwa hiyo ikweta hailisumbui. Udhaifu wake ni utosini kabisa, ambako kulizungusha ni shida. Na sisi vitu vizuri hupita huko. Subiri saa moja, vitateremka.

Kero. Ndiyo yenye kero kubwa. Kilo 15 au zaidi, bomba la zaidi ya mita moja. Vioo viwili hulazimika kunyooshwa mara kwa mara. Ukishajifunza ni dakika tano, lakini mwezi wa kwanza utatukana. Kioo kikipata vumbi, kiache. Kukifuta kwa kitambaa ndiko kunakokiua. Faida moja: sanduku likivunjika, fundi seremala yeyote wa mtaani analitengeneza.

Gharama. Ukijumlisha usafiri na ushuru, inaelekea bei ya pikipiki ya mtumba. Nyingi huagizwa nje.

Habari. Inakufaa ukifuatilia habari za nyota zenyewe: zinavyozaliwa, zinavyokufa, galaksi na nyotamkia hafifu.

Anayefaa. Mwenye anga jeusi na mahali pa kuihifadhi pasipohitaji kupanda ngazi. Mtu wa katikati ya jiji atabeba mzigo huu kwa ajili ya mambo ambayo taa zitamnyang'anya.

Kuna pia kizazi kipya cha teleskopu zenye kamera, kama Seestar S50 iliyotoka mwaka 2023, zinazojielekeza zenyewe na kutuma picha kwenye simu. Lenzi ni ya milimita 50 tu, lakini kwa kurundika picha nyingi hukutolea rangi hata ukiwa mjini. Ni nzuri kwa kundi la watu, na kwa mtu mwenye macho hafifu. Haikupi ile nuru yenyewe kuingia jichoni, na wapo ambao hilo haliwasumbui hata kidogo.

Kwa vyote hivi, Jua ni marufuku bila kichujio maalumu kinachofunika mdomo wa mbele wa chombo. Kile kidogo cha kufunga kwenye lenzi ya jichoni hupasuka kwa joto, kitupe. Filamu za eksirei, CD na miwani ya kawaida si kinga, hata kwa macho matupu.

## Habari zenyewe, uzifuate wapi?

Redio na tovuti za Kiswahili zina faida ya lugha na ya karibu. Pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilipoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, ni vyombo vya kwetu vilivyofika kwa wanakijiji, na Shirika la Anga la Kenya likaeleza kuwa ni kipande cha roketi. Upungufu wao ni kutofuatilia: leo tunaambiwa, kesho kimya.

Kurasa za mashirika ya anga yenyewe, NASA, ESA ya Ulaya na mengine, zina takwimu na marekebisho, ila zinahitaji lugha ya kigeni na uvumilivu. Faida yake niliiona kwa jiwe la 2024 YR4. Februari 2025 uwezekano wa kuigonga Dunia mwaka 2032 ulipanda hadi asilimia 3.1, na vichwa vya habari vikawaka. Siku chache baadaye, vipimo vipya vikaushusha karibu na sifuri. Aliyesoma chanzo alijua tangu mwanzo kwamba namba kama hizo hupanda kabla ya kushuka. Nawajua watu ambao mpaka leo wanaamini jiwe linakuja.

Video fupi za mitandaoni ni za haraka na zinavutia, na ndizo zilizoigeuza 3I/ATLAS, nyotamkia kutoka nje ya mfumo wa Jua iliyogunduliwa tarehe 1 Julai 2025, kuwa chombo cha viumbe wageni. Zitumie kujua kwamba kuna jambo. Jambo lenyewe lithibitishe kwingine.

## Kulingana na hali yako

Kama una simu tu, anza leo usiku. Tafuta ratiba ya kituo cha anga kwa mji wako, waite watoto wa jirani.

Kama una fedha za kitu kimoja na hujui hamu yako itadumu, darubini ya 10x50 haitakutupa; ukiacha nyota, itakufaa kwa ndege na mbuga.

Kama nyumbani kuna mtoto anayeuliza maswali, na mnaishi mjini, teleskopu ya milimita 70 yenye stendi imara. Mwonyeshe Mwezi ukiwa nusu. Ukiwa mpevu hauna vivuli.

Kama uko Dodoma vijijini, Laikipia au popote ambapo usiku ni usiku, na una chumba cha chini, Dobson itakulipa miaka mingi. Pwani yenye unyevu, fikiria mara mbili kuhusu kioo, au kubali kazi ya kukitunza.

Kama ni klabu ya shule, nunueni darubini mbili na teleskopu ndogo moja badala ya teleskopu moja kubwa. Foleni ya wanafunzi 40 kwenye tundu moja huua hamu.

Na kama unachosubiri ni Apophis, usinunue chochote kwa ajili yake. Aprili ni masika, kwa hiyo shida yako itakuwa mawingu. Tafuta mapema ndugu wa kumtembelea kusini, Mtwara au Songea, ambako mvua wakati huo huwa zinaelekea kuisha, na andika ukutani: usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 14 Aprili 2029.